Kikombe cha Ukwaju

Mtaani kwao, katika mji wa Solo, Bi Wagiyem hakuwa na mpinzani kwa jamu, zile dawa za kunywa za mizizi na viungo. Tangu ujana wake alibeba chupa mgongoni ndani ya tenga, akiuza nyumba hadi nyumba, na waliopona homa walimsifu mpaka akavimba kichwa. Ndiyo maana mjukuu wake Galuh alipolazwa kwa saratani ya damu, kila alfajiri alimnywesha kwa siri manjano yaliyochemshwa na ukwaju.

Nesi alikuwa amekataza machungwa, soda na kila kitu kichachu. Bibi alimsikia vizuri. Lakini jamu ni dawa, alijiambia; nani amewahi kuiita kichachu? Ubishi wa namna hiyo hauna tiba.

Galuh alikuwa ametiwa dripu ya dawa kali, inayoua saratani lakini ikikawia mwilini huharibu figo. Kila siku walimpima damu waone imebaki kiasi gani. Ilipaswa kushuka upesi, nayo haikushuka. Midomo ya mtoto ikaanza kuchubuka.

Daktari Hapsari akaja na majibu, uso umemkunjamana. Alimweleza Ratri, mama wa mtoto, kwamba mwili wa Galuh unaitoa dawa polepole mno, hivyo dozi ijayo itapunguzwa nusu. Ratri akauliza kama nusu itaiweza saratani. Daktari akakiri hana hakika. Kisha akauliza kama mtoto amekula chochote kichachu, maana uchachu huizuia dawa kutoka na mkojo. Ratri akaapa hajala.

Bi Wagiyem roho juu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuwa cha mjukuu wake. Lakini akisema, binti yake atamwangalia kwa jicho gani?

“Daktari,” alisema, “mimi nimempa.”

“Umempa nini, Mama?” Ratri akageuka.

“Ukwaju na manjano. Kila alfajiri, ukienda kuoga.”

“Hata leo?”

“Hata leo, mwanangu.”

Daktari akaagiza dripu ya maji iongezwe, na akasema dozi haitapunguzwa mpaka damu ipimwe tena bila ukwaju. Bi Wagiyem akanyoosha mkono amfute Galuh midomo.

Ratri hakufoka. Aliingia kati ya mama yake na kitanda, akasimama hapo.