Grese Nyingi kwenye Barabara ya Kilwa

Katika mtaa wetu wote wa Bel-Air, ukiuliza nani anaijua jeep ya zamani, watakuonyesha geti langu. Sijisifu, nasema tu vile iko. Shule niliacha darasa la tano la primaire, nikaanza kusukuma makala, makaa ya kupikia, kwa kinga kutoka porini mpaka mjini, magunia manne juu ya hiyo baiskeli moja. Leo nina magari matatu, na ninalolipenda kuliko yote ni jeep yangu ya mazutu, ya dizeli, yenye umri mkubwa kuliko watoto wangu wote.

Vijana wa leo wanabonyeza kitufe na magurudumu yote manne yanavuta. Kwa jeep yangu lazima ushuke. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitovu cha chuma, na juu yake kidude cha kuzungusha, kipana kama kifuniko cha birika. Upande mmoja kimeandikwa FREE, wa pili LOCK. Kiingereza sijui, lakini najua F ni barabara nzuri na L ni matope. Kwenye F magurudumu ya mbele yanajizungukia bure, gari inakuwa nyepesi. Kwenye L yanashikana na ekseli. Unarudi ndani, unavuta kile kifimbo kidogo pembeni ya kile cha vitesi, cha kubadilisha gia, na yote manne yanafanya kazi. Unazungusha kwa vidole tu. Ukiona mtu anakipiga na koleo, huyo ni adui wa gari.

Sasa, binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa Jumamosi. Kwa upande wa mke wangu, binti hatoki nyumba ya baba yake mpaka bibi, mama ya mama yake, ampake mpemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso. Bibi asipokuwepo, hakuna kutoka. Watu wa bwana harusi watangoja getini mpaka wachoke, halafu watarudi kwao na pikipiki zao na fanfare yao ya tarumbeta, na aibu itabaki kwangu. Na bibi mwenyewe alikuwa Kilwa yetu, ile ya ziwani, mbali sana, kwenye kilio cha dada yake. Kilio kiliisha Alhamisi. Nani atamleta kwa njia ile, tena katika mvua? Nilisema mbele ya wajomba wote, "Mutulie. Jeep yangu haijue kulala njiani."

Na kabla ya kuondoka niliitengeneza vizuri sana, au nilifikiri hivyo. Nilifungua vitovu vyote viwili, nikavijaza grese ya manjano mpaka inatoka pembeni. Kitu ukikipenda unakilisha, si ndiyo? Mke wangu alipita akauliza, "Unapika nini pale?" Nikamwambia anyamaze, hii ni kazi ya wanaume.

Alhamisi nilikwenda na mke wangu, na Ijumaa asubuhi tukatoka Kilwa watatu. Inafaa nieleze tulivyokaa. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawaongei moja kwa moja. Miaka ishirini na mbili nilikuwa sijavunja desturi hiyo hata mara moja, na katika ukoo ule hakuna mukwe mwingine anayeweza kusema hivyo. Mama mukwe, ndiye yule bibi, alikaa nyuma. Kioo cha ndani nilikigeuza kitazame juu. Mke wangu alikaa karibu yangu, akiwa kama njia ya maneno.

"Ambia bwana yako anakimbiza sana," alisema mama mukwe.

"Mama anasema unakimbiza sana," alisema mke wangu.

"Ambia mama tunachelewa."

"Mama, anasema tunachelewa."

"Nimesikia. Mi siko kiziwi."

Mbali kabla ya mji mdogo wa Kasenga tukakuta lile tope jekundu ambalo malori yameligeuza kuwa ziwa. Nikashuka kama bwana, nikazungusha kulia, L, nikazungusha kushoto, L, nikapanda, nikavuta kifimbo, nikaingia. Katikati jeep ikakaa. Nikaongeza mafuta: moshi, kelele, matope mpaka kwenye vioo. Nikakata matawi, nikaweka mawe, nikachimba na jembe. Saa mbili nzima. Mke wangu alisukuma, akaanguka na uso kwanza, akainuka ananiita majina ambayo sitayaandika. Mimi nilikuwa nalaumu mvua, malori, na ile serikali isiyotengeneza barabara.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, pole pole.

"Ambia bwana yako aache kulia na akanyage tena. Na weye mutoto, shuka utazame magurudumu ya mbele."

Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la samaki, na yeye alikaa kiti cha pembeni miaka mingi. Nikakanyaga. Mke wangu akapiga kelele, "Ya nyuma inazunguka! Ya mbele imelala, yote mbili!"

"Haiwezekane," nikasema. "Nimefunga mi mwenyewe."

"Ambia bwana yako amefunga maandishi. Ndani hakukufunga."

Nilichukua ufunguo wa kumi, nikafungua buloni sita zinazofunga kitovu cha kushoto, na grese ikatoka kama bukari, ule ugali wetu, inayochemka. Kidude kilikuwa kwenye L, ndiyo, lakini kile kipande cha ndani kinachotakiwa kuteleza na kushika ekseli kilikuwa kimezama katika upendo wangu. Springi haikuwa na nguvu ya kukisukuma. Na upande mmoja usiposhika, upande wa pili nao hauvuti kitu.

Ilibidi kusafisha kila jino la kipande kile mpaka chuma kionekane. Nilichota mazutu kidogo, nikavua shati, shati likaisha. Kitambaa cha kichwa cha mke wangu kikaisha. Suruali yake ya jinzi ilikuwa tope tupu. Chembe moja ya mchanga ikiingia mle, kazi bure. Nilisimama kifua wazi, sina kitu kikavu mkononi, na jua limeshapita katikati.

Mama mukwe akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge kipya cha harusi, akampa mke wangu. Mke wangu akaninyooshea. Nikarudi nyuma. Kushika nguo iliyotoka kiunoni kwa mama mukwe! Watu wamefukuzwa kwenye ukoo kwa kidogo kuliko hicho.

"Mwambie siwezi," nikasema. "Afazali tulale hapa."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Na hapo mama mukwe akanisemesha, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nioe:

"Weye! Kamata! Mutoto anangoja."

Nikakamata. Nikapangusa mpaka meno yakang'aa, nikapaka mafuta kidogo kwa ncha ya kidole, nikarudisha buloni, nikafanya vile vile kulia. Nikazungusha, na safari hii nikasikia ndani "ka!", sauti ndogo, kavu. Jeep ikatoka katika lile ziwa kama ng'ombe anayetoka kunywa maji. Nilipiga honi peke yangu porini. Nani mwingine angefungua vitovu viwili ndani ya matope, bila gereji, kifua wazi? Kosa kufanya ni kwa kila muntu. Kutengeneza ni kwa wachache.

Tulifika Kasenga usiku, tukalala ndani ya jeep vile vile na matope yetu, tukaondoka alfajiri. Getini tulikuta fanfare imeshaanza na wajomba wanatazama saa. Mama mukwe alipita katikati yao na kikwembe kimoja, akaingia chumbani, akampaka binti yangu mpemba. Binti akatoka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha.

Bwana harusi, kijana wa heshima, alikuja kutusalimu. Akaona mke wangu amesimama kando yangu, matope kutoka nywele mpaka viatu, hajapata hata dakika ya kunawa. Basi ni mama mukwe wake sasa. Akainamisha kichwa haraka, akageuza uso kabisa, akasalimia ukuta.

"Desturi hii," mke wangu akaninong'oneza, "leo nimeiona iko muzuri."