"I" Kubwa, Mama Mdogo

Enzi zetu, na wala sina mvi ninaposema hivi, herufi kubwa ilikuwa kitu cha kutolea jasho. Leo simu yenyewe inamwekea mtoto herufi kubwa, naye anahangaika kuifuta. Mdogo wangu Furaha, wa kidato cha nne, juzi alimwandikia mwalimu wake: "am sick since monday." Nikamuuliza Jumatatu imemkosea nini hata aipe herufi ndogo, na "I" kaitupa wapi.

"Dada bwana, si ameelewa?"

Ndiyo elimu yao yote hiyo. Si ameelewa.

Sisi tuliosoma kijijini Kalenga tuliipata kwa shida. Darasa la tano, baridi ya Juni, vidole vimekufa ganzi ndani ya mikono ya sweta, tumboni kiporo cha makande. Madam Upendo, mwenyeji wa Mbeya, alipita kati ya madawati na rula yake: herufi kubwa mwanzo wa sentensi, majina ya watu, miji, siku na miezi. Na "I" popote ilipo, hata katikati.

Mwenye insha safi kuliko wote angeisoma siku ya wazazi. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa usingizi. Mama, muuza nyanya, hakuwahi kunisikia nikisoma Kiingereza.

Nikaandika: "Every morning i greet my Mother." Sikusahau kanuni. Niliifikiria mno. Kwetu mtoto humwamkia mkubwa "kamwene" huku amekunja goti. Ningewezaje kusimama mrefu kuliko mama kwenye mstari mmoja?

Madam akainua daftari langu. "Wewe binti, hii 'i' imejikunyata inaogopa nini?"

"Mama ni mkubwa, Madam."

"Ni mkubwa kwenu. Ukishaandika 'my', anayefuata ni 'mother' wa herufi ndogo, sawasawa na 'my goat'. Ungeandika jina lake, hapo ungempa kubwa."

Kutoka dawati la nyuma mtu akaropoka: "Mama yake kawa mama mdogo!" Darasa likaangua kicheko, na kwa muhula mzima nikaulizwa mama mkubwa hajambo.

Insha iliyosomwa ilikuwa ya mwingine. Mama alipiga makofi kuliko wote, akiangalia mlangoni, akidhani zamu yangu inafuata.

Sasa nina digrii na barua za kuomba kazi. Wiki iliyopita niliandika moja ya kwenda ofisi fulani Mbeya, nikaeleza nilivyomsaidia mama sokoni. Nilipofika "my mother" nikakwama kwenye "m" ya pili. Niliiweka kubwa, nikaifuta, nikairudisha, nikaifuta. Furaha alinicheka, yeye ambaye hawezi kutofautisha jina la mji na jina la mboga. Zamani tuliogopa rula, tukajua. Hawa hawaogopi kitu, wala hawajui kitu.

Mama akaketi karibu. "Nisomee basi."

Nikasimama pale sebuleni, nikamsomea yote, toka herufi kubwa ya kwanza hadi nukta. Mama, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akapiga makofi peke yake, machozi yakimlengalenga.

Nikamgeukia Furaha nione kama bado anacheka. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu.

"Si ameelewa?" akasema.