Nafasi ya Chuo Haipigiwi Bei kwa Kinyozi

Nakumbuka Jumamosi moja nilipozunguka Shauri Moyo asubuhi yote nikiulizia bei ya kitu ambacho hakuna mtu mtaani aliyekuwa akikiuza. Kitu chenyewe kilikuwa nafasi yangu ya kuchukuliwa na chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, chuo chenye jina kubwa, ambacho husomesha bure wachache kinaowachagua na kuwaandikia wengine wote barua za heshima. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karatasi zangu nimeshazituma, jibu bado.

Mwanangu, wewe unayesoma haya huku nawe ukingojea jibu lako, keti vizuri. Sina haraka. Wewe pia huna, maana jibu haliji mapema kwa sababu umesimama.

Ningeweza kungoja kama watu wengine, lakini kulikuwa na jambo. Chuo cha ualimu, huku huku kwetu, kilikuwa kimeniita, na siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu. Asiyeripoti, kiti chake hupewa anayemfuata. Jibu la ng'ambo lingekuja miezi kadhaa baadaye. Kwa hivyo ilinibidi niamue kabla ya Jumatatu: nishike kiti nilichopewa, au nikiache nibaki nyumbani nikingojea kile kikubwa. Baba, dereva wa lori na mtu wa maneno machache, aliniambia, "Mumbua, wewe ndiye utakayekikalia hicho kiti. Amua." Akawasha gari akaenda zake Mombasa.

Nami nikataka kujua nafasi yangu ni kiasi gani hasa. Jambo hilo lilikuwa linaniwasha kama upele. Nililelewa kwenye kibanda cha mama kule Gikomba, katikati ya nguo za mitumba, na huko tulifunzwa kwamba kila kitu kina bei, na bei ya kwanza si bei.

Nikaanza na kinyozi. Alikuwa amenyoa vichwa vya wanafunzi wote wa mtaa, nikaona huenda anajua kilichomo ndani.

"Chuo gani?" akauliza. Nikamtajia. Akazima mashine. "Hapo ni pagumu. Nakupa ishirini kwa mia."

Nikafanya tunavyofanya Gikomba. Nikashukuru, nikageuka, nikaanza kuondoka polepole, ule mwendo wa kungoja kuitwa.

"Wewe Mumbua, hebu rudi. Hesabu ulipata nini?"

"A."

"Si ungesema mapema. Haya, chukua hamsini."

"Na nilikuwa kiranja."

"Hamsini na tano, na hapo umeniumiza."

Kutoka hapo nikaenda kwa mchungaji wetu. Yeye alinipa mia kwa mia, kwa imani. Nilijaribu hata kumshusha kidogo, kwa sababu bei nzuri mno nayo hutia shaka, lakini alikataa kushuka. Wa tatu alikuwa Mutiso, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye pia alikuwa ametuma maombi kule kule. Alifikiri sana, akaniambia, "Wewe sabini. Mimi themanini."

Nikajumlisha zote tatu, nikagawanya, nikapata sabini na tano. Nikarudia hesabu, maana mimi sihesabu kitu mara moja. Sabini na tano tena. Nikaona mambo yamekwisha. Nani anaacha sabini na tano kwenda kufundisha watoto a, e, i, o, u?

Nikampelekea habari hiyo Mwalimu Wanza, aliyenifundisha shule ya msingi na sasa alikuwa amestaafu, anaishi safu ya nyumba iliyo nyuma ya yetu. Nilimkuta mlangoni akichambua ndengu.

"Mwalimu, mambo ya ualimu nimeyaacha. Nafasi yangu kule ni sabini na tano kwa mia."

"Nani amesema?"

Nikamweleza safari yangu yote, na namna nilivyompandisha kinyozi. Nilidhani atacheka. Akatoa kijiwe kwenye ndengu, akakitupa nje.

"Kwa hivyo umechukua ujinga wa watu watatu, ukaujumlisha, ukaugawanya kwa tatu. Unajua umebaki na nini?"

Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

"Ujinga wa mtu mmoja. Ila sasa umeuvalisha tai." Akanitazama. "Halafu unapiga bei na watu wasio na duka. Huyo kinyozi hata angekupa tisini, ungezipeleka wapi?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na makondakta, madalali na mama mmoja wa samaki ambaye hana mfano. Hakuna aliyeniweka mahali pangu kama huyo mwalimu mwenye ungo wa ndengu. Lakini udadisi wangu ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikavuta kigoda.

"Basi, Mwalimu, wao huchaguaje?"

"Kule sijawahi kukaa. Ila niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua watoto wa kusomeshwa bure katika shule moja kubwa. Asubuhi tuliwaondoa wale ambao hawajafikia kiwango. Hiyo ni kazi rahisi. Tulipofika saa sita tukadhani tumemaliza. Kumbe waliobaki, na wote ni wazuri, wangejaza basi, na viti tulivyonavyo ni vya kuzunguka meza moja."

"Mkafanyaje?"

"Tukaacha kuangalia watoto, tukaanza kujiangalia sisi tunahitaji nini. Mmoja akasema bendi ya shule haina mpiga tarumbeta. Tukamtafuta anayepiga tarumbeta. Mwingine akasema kila mwaka tunachukua wa mjini tu. Tukatafuta wa mbali."

"Kumbe nijifunze tarumbeta."

"Mwaka uliofuata walitaka mkimbiaji."

"Sasa yule aliyeachwa alikosa nini?"

"Hakukosa chochote. Viti ndivyo havikutosha."

Hapo ndipo nilipouliza swali lililonitoa nyumbani tangu asubuhi. "Na mimi, Mwalimu? Niambie ukweli."

Akasukuma ungo kando. "Wewe utapita ile ya asubuhi. Hilo naweza kulisema, maana nimekufundisha na naijua kazi yako. Ya mchana siijui. Na ukimpata mtu anayekuambia anaijua, shika mkoba wako vizuri." Kisha akaongeza, "Ukitaka namba, uliza wanaoomba huwa wangapi na wanaochukuliwa huwa wangapi. Anzia hapo. Usianzie kwenye uzuri wako, kwa sababu kila mmoja kwenye hiyo foleni ana mama anayemwambia ni mzuri."

Nikaona sabini na tano yangu ikiyeyuka kama barafu ya samaki.

"Halafu kama huwezi kuishi bila kupiga bei," akasema, "kapige na mwenye duka. Kiti kinachokusumbua sasa hivi ni cha nani?"

"Cha chuo cha ualimu."

"Umemuuliza mkuu wao lolote?"

"Hata."

"Umemuuliza kinyozi."

Jumatatu nilikwenda na sanduku langu. Kabla sijatia sahihi nikaomba kumwona mkuu wa chuo, mzee mmoja mwenye miwani ya kusomea iliyoteremka hadi ncha ya pua. Nikamwambia wazi kwamba nimeomba chuo cha ng'ambo. Je, nikiingia leo na jibu likaja la kuniita, ataniachilia?

Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Binti, hapa kuingia ndiko kugumu. Kutoka, hata leo jioni unaweza."

Nilitafuta mahali pa kumshusha bei, sikupaona. Kitu nilichokuwa nimejitayarisha kugombania siku tatu kilikuwa cha bure, tena kwa kuuliza mara moja tu. Nikatia sahihi.

Jibu la ng'ambo lilifika wakati nimeshazoea chakula cha bweni, na hilo si jambo la siku moja. Walisema hapana. Waliandika kwa adabu sana kwamba waombaji wazuri walikuwa wengi kuliko nafasi, nami nikasikia sauti ya Mwalimu Wanza ndani ya Kiingereza chao. Sitakudanganya, nililia nyuma ya bweni. Halafu kengele ikalia, nikaosha uso, nikaingia darasani, kwa sababu nilikuwa na darasa la kuingia. Mutiso alipata barua kama yangu, neno kwa neno. Yeye aliisomea nyumbani kwao, kitandani, baada ya kukataa chuo alichoitwa. Ilimchukua muda mrefu sana kuinuka pale. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na tena wakasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Naona walisema mara mbili kwa sababu walijua hatusikii ya kwanza.

Siku hizi hamzunguki mtaani. Juzi nilikuwa kwa mdogo wangu kule Kware, nikamkuta binti yake ameinamia simu. Unaingiza alama zako, inakupa asilimia. Ilimpa tisa. Akarudi, akaongeza kwamba anacheza chesi, ikampa kumi na moja, akatabasamu. Nikamuuliza chesi amejifunza lini. Akasema, "Anti, nitajifunza." Nikajua damu ya Gikomba haijapotea.

Basi shika haya, mwanangu. Omba chuo kikubwa, omba bila haya, maana asiyeomba nafasi yake ni sufuri, na hiyo nimeihesabu mara mbili. Pima nafasi yako kwa idadi ya viti na urefu wa foleni, usiipime kwa sifa za wanaokupenda. Fanya vizuri sehemu iliyo yako, ile inayokuvusha asubuhi. Ya mchana waachie wenyewe. Usikatae kiti ulichopewa kwa ajili ya kiti ulichotabiriwa. Jambo likikutatiza, muulize mwenye nalo kabla hujawauliza jirani zake. Na wakikukataa, usiseme hukufaa. Sema viti havikutosha, kisha uendelee kukaa mahali ulipo ukifanya kazi.

Mungu akufungulie mlango unaoutaka. Na akiona heri akufungulie mwingine, akupe macho ya kuuona na miguu ya kuingia. Uendako ukute watu, na urudipo utukute wazima.