Kutoka Vyuma Vimekaza Mpaka Bei Inboksi

Kuna maneno yaliingia Kariakoo yakakaa miaka, na mengine yakaondoka bila kuaga. Niliyaandika kwenye daftari langu kwa sababu yalinifurahisha, si kwa sababu mimi ni mjuzi. Shule yangu iliishia la saba. Huenda lipi lilitangulia lipi nimechanganya, basi mnisamehe.

Meza yangu ya vifungo, zipu na nyuzi ilikuwa kwenye baraza la duka la vitenge la mama mmoja wa Kichaga. Nilimwita dada, naye akiniita mdogo wangu, ingawa kwa umri tulikaribiana.

Kwanza lilikuwa vyuma vimekaza, yaani pesa hakuna. Mteja akiomba apunguziwe, vyuma vimekaza. Dada akikataa, vyuma vimekaza. Wote wanacheka, kitenge kinafungwa. Leo nikikumbuka naona kama ilikuwa raha tupu, lakini nisidanganye, hali ilikuwa ngumu. Kilichobaki kichwani kwangu ni kile kicheko tu.

Ikaja barakoa. Kabla ya hapo sidhani kama niliwahi kulitamka neno hilo. Mafundi cherehani wakamaliza lastiki yangu yote. Kipindi kilichowaumiza wengi, mimi kilinilisha, na ni haki niseme hivyo.

Halafu bei inboksi. Vijana wa fremu ya jirani waliacha kuita wapita njia, wakawa wanapiga picha nguo zao, wanazirusha mtandaoni na kuandika chini maneno hayo mawili, yaani anayetaka bei aulize kwa ujumbe wa faragha. Dada hakuamini.

"Mae! Bei nayo ya kunong'onezana? Kwani wanauza bangi?"

"Mama, wewe baki na vumbi lako," kijana mmoja akamjibu. "Sisi tunatoboa maisha."

"Toboeni, ila ukuta wangu muuache!"

Baraza zima tulicheka, na kijana mwenyewe akacheka.

Dada alikuwa na mila yake, na si yake peke yake, wengi wetu tunayo. Mteja wa kwanza asubuhi ndiye anayefungua biashara. Noti yake dada aliigusisha kwenye paji la uso, kisha akaipitisha juu ya vitenge, safu kwa safu, ili iite wenzake. Mteja huyo haachwi aondoke mikono mitupu. Siku moja baba mmoja, mteja wa kwanza, alitaka kulipa kwa simu. Dada akagoma.

"Sasa baba'angu, nitagusisha nini kwenye vitenge? Mlio?"

Yule baba akaja kwenye meza yangu, akanitumia pesa kwenye simu, nikampa noti, akarudi nayo dukani. Ndipo biashara ikafunguka.

Nyumba yenye lile duka ilikuwa ya zamani, ya bati. Mwenye nyumba akatuita, akasema anaibomoa ajenge ghorofa. Wapo waliomsema vibaya. Mimi sikuweza, alituambia mapema, na paa lilikuwa linavuja kweli. Fremu za chini mitaa ya karibu zilimshinda dada kwa bei, akapata chumba ghorofa ya tatu kwenye jengo jingine. Mimi nikapata baraza ng'ambo ya barabara.

"Mdogo wangu, nani atapanda ngazi zote hizi kutafuta kitenge?" aliniuliza tukipandisha marobota. "Wateja wasiponifuata huku juu, narudi Moshi."

Alisema kama anatania. Lakini nilijua ameshaulizia lori la mizigo.

Siku ya kufungua, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bondeni Jangwani palijaa maji, watu wa Magomeni hawakuvuka. Nikafunika meza yangu kwa nailoni, nikapanda kumtazama. Alikuwa amekaa peke yake, vitenge vimepangwa vizuri, mlango wazi. Kila aliyesikika kwenye ngazi alipita kwenda juu zaidi. Binti yake alikuwa amepiga picha za vitenge jana yake na kuzirusha, na chini ameandika bei inboksi. Dada alimnunia.

"Kaniaibisha," aliniambia.

Karibu na adhuhuri simu yake ikalia. Alikuwa mama mmoja, fundi cherehani wa Kigamboni, mteja wake wa miaka mingi, aliyezoea kuvuka kwa kivuko cha Magogoni kila akihitaji mzigo. Ameona picha, anataka kile cha maua mekundu. Wakaelewana bei kwa sauti kubwa, wakavutana kama zamani, vyuma vimekaza na yote. Simu ikakatwa. Muda kidogo ukaingia ujumbe wa malipo.

Dada aliutazama sana. Kisha akainua simu, akaigusisha kwenye paji la uso, akasimama, akaipitisha juu ya vitenge, safu kwa safu, taratibu, mpaka ukutani.

"Inahesabika?" akaniuliza bila kugeuka.

"Inahesabika, dada."

Mpaka leo sijui kama nilisema ninachoamini au nilimhurumia tu. Yeye akakunja kile cha maua mekundu, akakitia kwenye mfuko, akaniomba nishuke nikamtafutie bodaboda wa kukipeleka Magogoni. Nilipofika mlangoni nikamsikia nyuma yangu anaiambia ile simu iliyokwisha kukatwa:

"Karibu tena, mama."