Jicho la Kushoto ni la Bibi

Ukimwona Bibi Pamba kakaa kimya na uzi mdomoni, usidhani ni mpole. Mwanamke yule ana maneno, na wiki hiyo alikuwa ameyabana yote kifuani kwa sababu alikuwa amenuniana na mumewe. Mumewe naye, fundi saa mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Milimita, alikuwa amenuna kwa vipimo, kama afanyavyo kila kitu.

Wawili hawa hushona wanasesere kwenye chumba cha mbele, meza moja, taa moja. Bibi hukata vitambaa na kujaza pamba. Mzee, tangu simu zimnyang'anye wateja wa saa, hushughulikia macho. Ila si yote mawili. Bibi aliweka sharti tangu mwanzo: jicho la kulia la mzee, la kushoto lake, maana mtoto hana budi kutazamwa na baba na mama. Mzee alicheka siku hiyo, kisha akakubali, kama kawaida yake.

Macho yenyewe ni ya plastiki, yana kijiti kwa nyuma. Kijiti kinapenya kitambaa, unakivalisha kiduara cha kukibana kwa ndani, kinalia "ta", na hapo ndiyo basi tena, hata uvute kwa koleo hakitoki. Halafu kila mmoja hulibandika jicho lake kipande cha utepe, lisije likakwaruzwa na sindano nywele zinaposhonwa. Mwanasesere hukaa kafungwa macho mpaka siku ya mwisho.

Ugomvi ulianzia kwa mwanasesere wa mjukuu, mtoto wa binti yao wa pekee. Mzee alipima uso kwa rula yake, akasema huu ni wa macho ya namba kumi, yaani milimita kumi, maana kati ya jicho na jicho lazima paenee jicho la tatu. Bibi akataka namba kumi na mbili, eti mtoto anapenda kutazamwa, si kuchunguzwa. Mzee akasema wanasesere wa bibi hukodoa kama watu waliotajiwa bei. Bibi akasema wa mzee wanakaa kama wanahakiki chenji. Hapo wangeishia kucheka, ila mzee akaongeza kwamba afadhali arudie saa zake, saa hazibishi. Akabeba stuli yake, akaihamishia barazani.

Stuli ile ndiyo iliyomkata maini bibi. Vijembe vya mzee alishavizoea, lakini stuli haikuwahi kutoka chumba kile tangu waanze kazi. Alishona akitazamana na nafasi tupu ng'ambo ya meza, akiogopa, naam, akiogopa hasa, kwamba mzee hatarudi, na kwamba uzee wao utakuwa wa kila mtu na kona yake. Chai walipeana bila neno.

Siku moja bibi akiwa jikoni, mzee aliingia kuweka jicho lake, akatoka akinyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Bibi akalikuta jicho la kulia limeshabandikwa utepe. Angeweza kulipapasa ajue ukubwa wake, lakini kulipapasa jicho la mwenzio ni kumwambia kwamba humwamini, na hilo hawajapata kufanyiana. Tena kulikuwa na haja gani? Mkaidi yule atakuwa ameweka kumi yake. Bibi akachukua kumi na mbili kwenye kopo, akaigeuza vidoleni, akairudisha. Akapiga moyo konde, akachukua kumi. Ta. Akabandika utepe, akajisikia mwepesi, na hasira kidogo pia, maana kushindwa kwa hiari si jambo dogo kwa mtu wa aina yake.

Jumamosi binti yao alikuja kumchukua mwanasesere. Akambandua utepe mmoja, akambandua wa pili, akamnyanyua kwenye mwanga.

"Mama, huyu anamkonyeza nani?"

Jicho moja dogo, moja kubwa. Bibi akalitazama lile kubwa. Lilikuwa la kulia. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, shingo mbele.

"Dogo kaweka nani?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe?"

"Nimechoka kunywa chai na ukuta," akasema bibi. "Na hilo kubwa je?"

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi.

"Barazani mgongo unauma," akasema.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Akawaambia atarudi Jumamosi nyingine kumchukua mwingine, na kwamba huyu mkonyezaji wasithubutu kumuuza. Wakampandisha rafuni, juu ya kopo la macho. Mzee akaenda mwenyewe kuifuata stuli yake, akaiweka palepale pake, na bibi akajifanya anatafuta sindano ili asionekane anavyofuta machozi.

Wakakata kichwa kingine jioni ileile. Mzee akapima, akatangaza kwamba uso huu, akiutazama vizuri, ni wa kumi na mbili. Bibi akamwambia hana macho, uso wa kumi huo, hata kipofu anauona. Mzee akapima tena. Bibi akamnyang'anya rula. Wakabishana hivyo, kila mmoja akimtetea mwenzake dhidi ya mwenzake, mpaka chai ikapoa mezani, vikombe vyote viwili.