Kuku Aliyelalia Mayai ya Bata

Tangu tupandishe bendera yetu, walimu ni vijana wetu, lakini hadithi bado ni za Wazungu. Juzi nilisimama dirishani pa shule, karibu na Lubao, nikimngoja mjukuu wangu. Mwalimu alikuwa akisimulia habari za kifaranga wa bata aliyechekwa kwa ubaya wa sura yake, hata akakua akawa ndege mweupe mzuri, wote wakampenda.

Msichana mwenye mguu uliopooza, anayekaa kwenye dawati lake peke yake, akainua mkono. "Mwalimu, na kama hangekuwa mzuri?"

Mwalimu akafuta ubao uliokuwa safi.

Mjukuu wangu, asiyejua kunyamaza, akadakia: "Kwetu kuku alilalia mayai ya bata. Hao watoto wanaingianga kwa maji, yeye anapiga kelele huku nje. Lakini jioni anawafunikanga."

"Hata wakiwa wamelowa?" msichana akamuuliza.

"Hata wakinuka matope!"

Darasa likacheka. Msichana hakucheka. Aliondoa fimbo yake ya kutembelea kwenye benchi, akailaza chini, kando yake pakabaki nafasi.

Njiani nikamuuliza mjukuu wangu kesho atakaa wapi.

"Pale pangu pa kila siku, nyanya, na wenzangu."

Kuku wetu hajakanyaga darasani hata siku moja.