Skrubu Inayojua Kuondoka

Mtaani watu walimwita Daktari Chuma. Jina hilo alibandikwa na mama yake mzazi, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko uzi, na mama akishampa mtu jina, mwenye jina hana rufaa.

Udaktari wenyewe haukuwa wa kutibu watu. Alikuwa mtaalamu wa metali. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha magnesiamu, kuichanganya na zinki kidogo, kisha kuchonga skrubu nyembamba za kushikia mfupa uliovunjika. Skrubu za kawaida za chuma kisichoshika kutu zikishaingia mwilini hung'ang'ania humo mpaka mtu apasuliwe tena zitolewe. Zake zilitakiwa zishike mfupa mpaka uunge, halafu ziliwe na mwili taratibu mpaka ziishe zenyewe. Sasa, kazi ilikuwa kwenye hiyo taratibu. Magnesiamu haina subira hata kidogo. Itie kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili uone: inatoa mapovu kama soda iliyotikiswa, inakwisha, na mfupa haujaanza hata kufikiria kupona. Daktari Chuma alikuwa miaka nenda miaka rudi akiitafutia breki.

Mama alipoelezwa mara ya kwanza, alitoa pini mdomoni akasema, "Kumbe ni bandi. Ule uzi wa muda unaoshikiza kitambaa mpaka upitishe mshono wenyewe. Tofauti ni kwamba yako inajitoa." Binti akacheka, akakubali kuwa ndivyo.

Lakini mama mwenyewe alikuwa na chuma mguuni. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya mteja, akavunjika muundi, hospitali wakamfunga bamba la chuma kwa skrubu na kumwambia arudi litolewe mfupa ukishaunga. Mfupa uliunga. Mama hakurudi ng'o. Kila akikumbushwa alikuwa na gauni la mtu la kumaliza.

Ndipo siku moja wakiwa mezani, mteja mmoja amekaa pale akisubiri kupimwa, mama akauliza, "Hicho kichuma chako kikikamilika, si kitaliyeyusha na hili langu?"

Daktari Chuma alikuwa anatafuna, tena amechoka. Akajibu, "Tutaona, mama."

Unaijua ile "tutaona" ya kumnyamazisha mtu? Ndiyo hiyo hiyo. Basi mwambie mama fundi! Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari. Kila aliyeleta kitambaa aliambiwa, "Mimi sipasuliwi tena, nangoja kazi ya binti yangu." Watu wakaanza kumsimamisha binti njiani kumpa hongera. Na hongera, jamani, ni tamu. Alikusudia kusema ukweli kesho, kesho ikazaa kesho nyingine, na mwisho akanyamaza kabisa.

Mguu haukunyamaza. Ulianza kuvimba jioni, kisha ukavimba tangu asubuhi. Cherehani ya mama ilikuwa ya kukanyaga, na binti akiwa chumbani aliisikia ikichechemea: inakwenda, inasimama, inakwenda tena kwa mguu mmoja. Alimburuta mama hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha skrubu moja imelegea na inachungulia nje ya mfupa. Daktari wa mifupa hakuzunguka mbuyu. Alisema bamba litolewe wiki hiyo hiyo, kwa sababu usaha ukiingia mfupani, watakuwa hawazungumzii tena bamba bali mguu mzima.

"Ahsante sana daktari," mama akajibu kwa adabu zote, akijifunga mtandio. "Binti yangu analishughulikia."

Daktari wa mifupa akamgeukia binti, msomi mwenzake, kutaka kujua analishughulikiaje. Binti akatazama viatu vyake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake alimchukua mama kazini. Maabara ilikuwa chumba chembamba chenye feni inayolalamika, na kwenye meza ndefu kulikuwa na beseni la maji ya vuguvugu lililopangwa chupa za kioo. Wenzake wawili waliinuka kumpa shikamoo mama, wakamvutia kiti. Daktari Chuma hakuketi. Alitoa chupa mbili, akaziweka mbele ya mama.

"Hii ina skrubu ya chuma kisichoshika kutu, ndugu yake hilo bamba lako. Imekaa humu tangu nilipoajiriwa."

Mama akaigeuza chupa. Skrubu ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani leo.

"Na hii ni yangu."

Katika chupa ya pili, kapovu kamoja kalijibandua kwenye skrubu, kakapanda juu polepole, kakapotea. Baada ya muda kakafuata kengine.

"Yangu inajila yenyewe, mama. Haigusi ya jirani. Nikifanya kazi hii mpaka nizeeke, bamba lako litakuwa pale pale. Nilijua hivyo siku ile mezani, nikakuacha uamini kwa sababu nilipenda kusifiwa. Na sasa ukipoteza mguu, nitakuwa nimeukata mimi."

Hapo machozi yakamtoka mbele ya wenzake. Wale wawili wakapata ghafla kazi ya kusoma maandishi kwenye kopo la chumvi.

Mama akaisogeza chupa ya pili karibu na macho.

"Zamani si uliniambia inachemka kama soda? Mbona hii imetulia?"

"Ni mchanganyiko mpya. Haina haraka tena."

"Vizuri," mama akasema, akashika ukingo wa meza na kunyanyuka. "Nipe mkono. Twende hospitali kabla sijabadili nia."

Alifanyiwa upasuaji siku ya pili yake. Binti alikaa kwenye benchi la ukumbini akila kucha, yeye aliyezoea kusubiri chuma kwa miezi, na saa hizo chache zikamshinda. Walipomtoa mama, bamba lilikuwa limetoka salama na mfupa ulikuwa safi. Alipozinduka vizuri, cha kwanza alilalamikia shuka, kwamba pindo lake limeshonwa ovyo. Binti akajua mama amerudi.

"Mama, unisamehe kwa kukuacha uamini."

"Niamini nini?" Mama alimtazama kwa jicho moja. "Mwanangu, ulijibu ile 'tutaona' kama mtoto aliyevunja kikombe. Nilijua pale pale."

"Sasa kwa nini miaka yote hii..."

"Niliogopa kisu. Mtu akisema anaogopa kisu, watu wanamcheka, wanamwambia ajikaze. Akisema anangoja kazi ya binti yake, wanamheshimu."

Daktari Chuma alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Kisha akauliza ni nini basi kilichombadilisha.

"Ulilia mbele ya wenzako. Nikaona woga wangu mimi umeanza kumla mtoto wangu. Nikasema hapana, huko hatutafika."

Mama akautia mkono wake ndani ya mkono wa binti. Ilikuwa raha tupu.

"Na mtaani tutawaambia nini?" binti akauliza. "Wanadhani skrubu yangu ingekuponya, na haijawahi hata kuingia mwilini mwa mtu."

"Waambie mgonjwa wake wa kwanza ni mimi," mama akasema, usingizi ukimrudia. "Imenishikilia mpaka nikapata moyo. Si ndiyo kazi yake?"